Barua Isiyo na Tusi

Kopo la senene lilipita ukaguzi wa bandari kwa sababu mkaguzi alikuwa mwenyeji wa kisiwa kile cha baridi, na kwao mdudu ni mdudu tu. Alifungua kifuniko, akawaona wamekaangwa wamelaliana na miguu yao, akakifunga upesi kama aliyechungulia choo chenye mtu. Ndiyo maana barua iliyokunjwa chini ya senene wale ilifika mikononi mwa Koplo Kemilembe bila kuguswa na Karani, mashine ya barua ya kikosi. Ilikuwa barua ya kwanza ya namna hiyo katika miaka miwili na nusu.

Aliyeileta ni Rwechungura, fundi mitambo aliyeshuka melini asubuhi hiyo, kijana wa kijiji cha pili kutoka kwao, upande wa Kagera.

"Baba yako mdogo, Mutalemwa, kasema nikupe mkononi," alisema. "Na kasema ukishasoma usinigombeze mimi. Mimi ni wa kutumwa tu."

Kemilembe akaketi juu ya sanduku la vipuri. Alitafuna senene wawili kwanza, maana uchu wa nyumbani haungoji, kisha akafungua karatasi.

*Mwanangu Kemilembe,* baba mdogo alikuwa ameandika, *kama kweli uko hai, soma haya. Bibi yako anasema umekufa. Anasema tangu uende vitani ameletewa barua zako arobaini na mbili, na hakuna hata moja iliyomtukana. Tumemwambia mtoto amekua, jeshi limemfunza adabu. Anasema adabu ya namna hiyo anaijua, ni ya maiti. Basi amechagua mgomba nyuma ya jiko, na Jumamosi ya pili ya Januari tutaukata na kuuzika kibanjani kwa jina lako, kando ya babu yako. Nimebisha mpaka nimechoka. Chakula hagusi cha maana, anasema hawezi kushiba na wewe uko nje bila kaburi. Nakutumia barua zako tatu, yeye kasema tuwarudishie wenyewe. Mwanangu, mwandikie vizuri.*

Jumamosi ya pili ya Januari. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Kwao mgomba hauzikwi kwa mchezo. Mtu akipotea ziwani au ng'ambo na mwili usionekane, gogo la mgomba huvikwa sanda, hulaliwa matanga na hufukiwa kibanjani, kwenye shamba la nyumbani, na tangu hapo mtu huyo amekufa, hata akirudi kesho yake akibisha hodi. Na bibi yake hakuwa mwanamke wa kuahirisha jambo.

Kuhusu matusi, msomaji asidhani ni utovu wa nidhamu. Bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza, wanagombea babu mmoja, na wake wenza hawaamkiani kwa mashairi. Siku Kemilembe alipokwenda jeshini ukoo mzima ulilia isipokuwa bibi. Yeye alisema, "Nenda salama, unipishe nikae na mume wangu kwa raha," na mume mwenyewe alikuwa kaburini mwaka wa sita. Kemilembe akamjibu, "Usife kabla sijarudi, nataka kukuzika mwenyewe nihakikishe umeingia." Wakacheka mpaka bibi akashika ukuta. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, kwa kisingizio cha kicheko.

Tangu siku hiyo hakuwahi kumsemea Karani barua bila kumtukana kikongwe wake.

Akafungua zile tatu zilizorudishwa. Mwandiko ulikuwa wake, hata ule mkia wa herufi ya g aliochapiwa darasa la tatu. *Bibi yangu mpendwa, natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya njema. Mimi hapa sijambo. Chakula ni kizuri na mandhari yanapendeza.*

Alisoma neno hilo mara mbili. Mandhari. Kisiwa kizima ni mawe, theluji na mabomu ya fuko chini ya ardhi yanayokula watu, na yeye eti anamsimulia bibi mandhari. Hasira ilimpanda taratibu, na alipoinuka kopo la senene lilianguka na Rwechungura akalazimika kuokota mmoja mmoja.

*

Kapteni Sangija alikuwa ofisa wa barua na wa watu wa kikosi, Msukuma mnene mwenye sauti ya upole. Alimkuta akipasha mikono juu ya kikombe cha chai.

"Afande, nimekuja kuhusu barua zangu."

"Zina nini?"

"Si zangu."

Akazimwaga mezani. Kapteni alizitazama, hakuzigusa, na kwa jinsi alivyokawia kuuliza zimetoka wapi, Kemilembe akajua kwamba kwa Kapteni si jambo geni.

Kila mwanajeshi kisiwani aliandika kwao kwa njia moja. Unaingia kibandani, unasema na kidude cha ukutani, unatoka. Kidude hicho ndicho Karani. Alikuwa anajua sauti ya kila mmoja na mwandiko wake, na ndiye mwenye mkondo pekee wa mawasiliano kutoka kisiwani kwenda nyumbani, hakuna simu wala redio iliyopenya pembeni yake. Wakati wa vita waliambiwa Karani anafuta majina ya mahali ili adui asijue. Hilo walilikubali, nani angekataa? Kilichotumwa hawakuwahi kuonyeshwa.

"Keti," alisema Kapteni. Akageuza kioo cha mezani kikamtazama Kemilembe. "Sema kitu kwa bibi yako."

Kemilembe hakuketi. "Kikongwe wewe, bado unakula chakula cha watu bure?"

Kwenye kioo, mwandiko wake ukajitokeza: *Bibi mpendwa, natumai una hamu nzuri ya chakula.*

"Hayo meno mawili uliyobakiwa nayo niwekee, nikirudi nichezee bao."

*Bibi mpendwa, natamani sana kuliona tabasamu lako.*

Kapteni alicheka, akajuta, akanywa chai. Kemilembe hakucheka. Akainama karibu na kioo, akasema polepole, "Bibi, niko hai. Barua hizi zinaandikwa na mashine."

*Bibi mpendwa, mimi ni mzima.*

"Ni Amri ya Utulivu," alisema Kapteni. "Barua moja ya kilio ilikuwa inatia simanzi mtaa mzima. Basi Karani akafundishwa kuondoa kilio, ugonjwa, lawama na matusi kwa wazee."

"Vita vimeisha mwaka na miezi miwili, afande."

"Amri haijafutwa. Hakuna aliyeomba ifutwe."

"Mimi naomba."

"Wewe ni koplo."

"Na wewe ni Msukuma, afande. Utani unaujua kuliko mimi. Ulishindwaje kumwambia Karani kwamba hili si tusi?"

Kapteni alizungusha kikombe. Aliujua kweli, na hakuwa amemwambia mtu.

"Na mtu akikaa kimya?" Kemilembe aliuliza. "Nikiacha kuingia kibandani?"

"Ukifikisha siku kumi na nne kimya, anakuandikia mwenyewe. Familia zisipate wasiwasi."

Hapo ndipo jambo la pili lilipomjia, na lilikuwa baya kuliko la kwanza.

"Na Sajenti Halfani?"

Kapteni akatazama mlango. "Sajenti Halfani anaandika vizuri tu," alisema.

*

Halfani Mbaruku alikuwa amekufa Desemba kumi na moja, saa nne asubuhi, na Kemilembe ndiye aliyemwambia apite.

Kazi yao baada ya amani ilikuwa kuwatoa fuko. Fuko ni mabomu yanayochimba. Yanatembea chini ya ardhi pole pole, yanasikiliza nyayo za watu na kuzifuata, na hakuna aliyeyaambia kwamba mkataba umetiwa sahihi. Askari mmoja huchomeka ufito wa chuma ardhini, huweka sikio, husikiliza ule mkwaruzo wa fuko. Asiposikia kitu humwambia mwenzake pita. Asubuhi ile Kemilembe alisikiliza mpaka sikio likafa ganzi, hakusikia kitu, akasema, "Pita, kaka." Yule fuko alikuwa amekaa kimya tu, kama paka.

Mwili haukusafirishwa. Kisiwa kilikuwa kimetangazwa salama, na wenye kutaka kuchimba madini yake walikuwa wakisubiri kuja. Kisiwa salama hakiui mtu. Halfani akawekwa kwenye chumba cha barafu, na kwenye daftari la kikosi akaandikwa yuko kazi maalumu.

"Kuna njia nyeupe," Kapteni alisema sasa, sauti ikiwa imeshuka. "Karatasi inapigwa picha, inakwenda ilivyo, inachapwa posta ya wilaya siku ya tatu. Karani haigusi wala haioni. Kila ofisa ana ukurasa mmoja kwa mwaka. Wangu ninao bado, nilikuwa namwekea mama yangu. Nitakupa."

"Kwa bei gani?"

Kapteni alifungua mtoto wa meza akatoa karatasi iliyochapwa. *Mimi, shahidi pekee wa zoezi la Desemba kumi na moja, nathibitisha kwamba Sajenti Halfani Mbaruku ni mzima na amepelekwa kazi maalumu.* Chini palikuwa na mstari mtupu.

"Wakubwa wameidai mara tatu," alisema. "Ukitia sahihi, unaandika ukurasa wako. Mtukane bibi yako mpaka mkono uchoke, sitasoma, nakupa neno langu. Mei unapanda meli unakwenda kwenu. Lakini ukitaja habari za kikosi, ni miaka mitatu zaidi hapahapa, na bibi yako ana miaka mingapi?"

"Themanini na nne."

"Basi fikiri. Nakungoja mpaka saa tisa."

*

Alikwenda kusimama kwenye uzio wa shamba la fuko, mahali theluji ilipokuwa bado imebonyea. Rwechungura alimfuata na kopo lake. Kemilembe akamweleza yote kwa ufupi, akitema maneno.

"Tia sahihi, dada," Rwechungura alisema. "Uende kwenu. Maiti hana haraka."

"Maiti hana. Mke wake je?"

Rwechungura akala senene.

Mwanakombo alikuwa Pangani, miaka ishirini na sita. Halfani alikuwa akimtaja kila wanapokunywa chai, mpaka Kemilembe akajua anavyokuna nazi na anavyochukia kuamshwa. Kwa dini yao, mwanamke aliyefiwa anakaa eda miezi minne na siku kumi, na siku hizo zinahesabiwa tangu mume alipokata roho. Leo ilikuwa ya ishirini na moja. Yeye hana habari. Anakwenda sokoni amejipodoa, anasoma barua zinazosema *mke wangu mpendwa, nitarudi karibuni,* anafua shuka za kumpokea mtu. Hakuna hitima iliyosomwa, hakuna dua. Angengoja mpaka lini? Mpaka Karani achoke, na Karani hachoki.

Kemilembe aliona jambo lilivyo na akazidi kukasirika. Kikosi kilekile, mashine ileile. Mzima anachimbiwa kaburi kwao, na maiti anaandika barua za mapenzi. Na yeye anaombwa auze mmoja amnunue mwingine.

Alimfikiria bibi. Miaka mitatu juu ya themanini na minne si mchezo. Akiandika tusi moja tu na kunyamaza juu ya Halfani, mwezi wa tano atakaa naye jikoni, wamenye ndizi, watukanane. Alilitaka hilo kuliko kitu chochote duniani, na alijichukia kwa kulitaka. Na kila mara alipojiona jikoni pale, alisikia sauti yake mwenyewe ikisema pita, kaka.

Saa tisa kasoro alirudi ofisini. Akavuta kiti, akatia sahihi kwenye karatasi ya Kapteni bila kuisoma tena, herufi ya g na mkia wake ikakosekana kwa kuwa haimo kwenye jina lake, akasukuma karatasi mezani kwa kidole kimoja kama kitu kichafu.

"Nipe ukurasa wangu."

Kapteni alitimiza neno lake. Aligeuza kiti, akatazama dirisha. Kemilembe akaandika kwa kalamu, kwa nguvu, mpaka upande wa pili ukatokeza mabonde.

*Kikongwe wewe,*

*Nasikia unataka kunizika ubaki na mume peke yako. Umechelewa, nipo. Mgomba usiuguse. Ukiukata nitakuja kukuzika wewe hapohapo, na hilo pua lako ndilo litakalokuwa alama ya kaburi. Na kula. Usinisingizie mimi kukonda kwako, makalio hukuwa nayo tangu enzi za mkoloni.*

*Sasa acha kucheka, nisikilize. Barua zile zote ziliandikwa na mashine. Wewe peke yako ndiye uliyejua, wengine wote wajinga. Nina mwenzangu, Sajenti Halfani Mbaruku wa Pangani. Alifariki Desemba kumi na moja saa nne asubuhi. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyemwambia njia ni salama. Mke wake, Mwanakombo, bado analetewa barua zake. Mtume baba mdogo aende mwenyewe mpaka Pangani. Asipige simu, msiba haupigiwi simu. Amwambie tarehe, akae eda yake, watu wasome hitima. Amwambie na jina langu, kama ana la kunilaumu alijue la kulaumu.*

*Hili litanichelewesha kurudi. Usife. Ukifa nitakasirika sana.*

*Mke mwenzako.*

Akaweka karatasi kwenye kioo cha njia nyeupe. Mwanga ukapita, kengele ndogo ikalia. Imekwenda.

"Umemtukana vya kutosha?" Kapteni aliuliza, bado ametazama dirisha, na sauti yake ilikuwa na tabasamu.

"Nimemtukana. Na nimemwambia habari za Halfani."

Kiti kikageuka.

"Koplo," Kapteni alisema, "ule ulikuwa ukurasa wa mama yangu."

"Najua, afande. Mama yako namwomba radhi. Wewe sina la kukuomba."

*

Walimpa miaka mitatu, kama alivyoahidiwa, na siku sitini za mwanzo katika chumba cha kifungo. Kapteni Sangija alihamishwa, hakuaga. Meli ya Mei ingeondoka bila Kemilembe, na hilo ndilo alilolikumbuka kwanza kila alipoamka.

Habari hazifungwi. Rwechungura alisimulia jikoni, jikoni wakasimulia mabwenini, na Jumatatu moja kikosi kizima kiliketi chini kwenye uzio wa fuko, kikakataa kuinuka mpaka kila mtu aonyeshwe barua zinazotumwa kwa jina lake. Wakubwa walitishia, walibembeleza, mwisho wakaweka vioo vibandani. Kuweka vioo tu. Amri ya Utulivu waliiacha palepale. Wanaume wazima walitoka vibandani wakiwa wamepigwa na butwaa, wengine wakitukana, na wawili waligundua kwamba wake zao wamejifungua na wao, kwa mkono wa Karani, walishatoa majina.

Mwishoni mwa Februari mlinzi alimletea barua. Ilikuwa imepita kwa Karani, ilionekana tangu neno la kwanza, na Kemilembe nusura aichane. Siku tisa zilishapita, Jumamosi ilishapita, na kwa wiki saba hakujua kama amezikwa au la. Akaisoma akiwa amesimama.

*Mjukuu wangu mpendwa,*

*Natumai u mzima wa afya njema. Sisi hapa hatujambo. Barua yako nzuri ilinifikia siku ya Alhamisi nami nimeifurahia mno. Ule mgomba sikuukata. Upo nyuma ya jiko na umeshatoa mkungu. Baba yako mdogo alisafiri hadi Pangani. Mwanakombo alimpokea, na sasa anapumzika nyumbani, hatoki, hadi itimie miezi minne na siku kumi tangu tarehe uliyoitaja. Amekutumia salamu, anasema hakulaumu. Mkungu wako ukikomaa nitaula wote peke yangu, na maganda nitakuwekea.*

Alisoma mstari wa mwisho mara nyingi. Karani, mwenye akili zote zile, alikuwa ameona bibi kizee anamwekea mjukuu zawadi, akaliacha tusi lipite. Na kule juu alikuwa ameona mwanamke anapumzika, si mjane anayekaa eda. Kemilembe akaketi kitandani, akaweka barua usoni, na mlinzi akageuka kumpa nafasi.

Baadaye mlinzi akamuuliza kama anataka kujibu. Akampeleka kibandani, kwenye kioo kipya.

"Mchoyo mkubwa wewe," alisema Kemilembe, na sauti ikamkatika kwa hasira na kwa mengine. "Ole wako ufe kabla sijaja kukupokonya huo mkungu. Nasema ole wako."

Kioo kikafikiri kidogo. Kisha mwandiko wake ukajitokeza, na mkia wa herufi ya g.

*Bibi yangu mpendwa, nakutakia maisha marefu.*

Kemilembe aliyatazama maneno hayo mpaka mlinzi akakohoa. Alitafuta mahali pa kubishana nayo, hakupaona.

"Itume," alisema.